Madoa Juu ya Nyota ya Christiane

Ukimuuliza mtu wa Hewa Bora njia ya kwenda kwa Mama Adolphine, hatakuonyesha nyumba, atakuonyesha benchi. Ni mti wa kulazia reli, mweusi na mzito, umelazwa juu ya matofali kwenye kona, ukutani mwa salon ya nywele ambayo hufunguliwa siku mwenyewe akijisikia. Hapo ndipo Mama Adolphine anapowasha mbabula yake, jiko la makaa wanayoyaita makala, na kuweka birika la kahawa ya tangawizi, na hapo ndipo wanapokuja asubuhi, hasa mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi inapokaa barabarani pamoja na vumbi jekundu la malori. Wanaokuja ni wale wale. Kuna Chisanga, wanayemwita Filon, aliyechimba mawe Kambove miaka mingi na hadi leo hapiti jiwe bila kuliokota. Kuna Michée, wanayemwita Maître, aliyeanza kusoma sheria na hakumaliza. Kuna Dan, wanayemwita Pinceau, mchoraji wa mabango. Na kuna Liévin Mwenze, Machiniste, aliyeendesha treni mpaka siku ya pensheni, na ambaye binti yake Christiane anasomea nyota Bulaya, yaani Ulaya, na juzi juzi alikuja nyumbani. Ni kwa ajili ya huyo binti, na sayari aliyosemekana kuiona, Pinceau alichora ukuta mzima wa salon: mviringo wa buluu na kijani, minazi, mama mwenye beseni kichwani, kijana juu ya baiskeli, na chini kwa herufi kubwa, PLANÈTE HEWA BORA.

Asubuhi hiyo Machiniste alichelewa. Wenzake walikuwa wameshakunywa kikombe cha kwanza.

— Machiniste, mutoto iko wapi? Filon aliuliza kabla hata ya kumsalimu. Toka siku ile alifika, unamuficha mu nyumba kama mufuko ya cobalt.

— Anapumzika, Liévin alisema.

— Apumzike, lakini siku ya yenga njo siku yake, Pinceau alisema, akimaanisha Jumapili. Kisha misa, bantu ya avenue yote banakuja hapa. Anasimama pale, pembeni ya sayari yake, napiga foto. Mama Adolphine anapika. Maître anasema discours.

— Discours iko tayari, Maître alisema.

Liévin alikaa mwisho wa benchi, akapokea kahawa yake, akaishika kwa mikono miwili bila kunywa. Alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia na hakupaona.

Kama saa moja kabla ya hapo, nyumbani, Christiane alikuwa anaosha vikombe vya chai. Alikuwa amempa baba yake mgongo, na Liévin alikumbuka kwamba hata alipokuwa mdogo, habari mbaya alizisema hivyo hivyo, akiwa ameangalia upande mwingine.

— Baba, ile sayari haiko.

— Haiko wapi?

— Haiko fasi yoyote. Haikukuwa hata siku moja.

Liévin alidhani hakusikia vizuri. Christiane alifunga maji, akajifuta mikono, akaja kukaa mbele yake. Alimweleza kama mtu anayejua anasema na nani.

— Unakumbuka locomotive ikisimama ku gare, moteur inatembea? Chini ya miguu kunatetemeka, si vile?

— Kunatetemeka mpaka mu meno.

— Sasa muntu mumoja iko inje. Anaisukuma na kidole kimoja, polepole. We uko ndani. Utasikia ile kidole?

— Nitasikia ginsi gani? Siwezi.

— Njo ile, baba. Sayari kidogo kama dunia yetu, inapozunguka nyota yake, inaivuta kidogo sana, kama kidole. Nyota inakuja kwetu kidogo, inarudi nyuma kidogo. Mashini yetu inatafuta ule mwendo mu mwangaza. Lakini nyota yenyewe inatetemeka. Inachemka, inapanda, inashuka, iko na madoa. Nilisikia kintu, nikasema njo kidole. Kumbe ilikuwa moteur.

Liévin alifikiria ukuta wa salon. Alifikiria siku ile ya Noeli binti yake alipopiga simu na kusema, baba, labda tumeona sayari, ndogo, haina joto mingi wala baridi mingi. Kati ya nyumba na benchi, neno "labda" lilidondoka njiani, na hakuna aliyerudi kuliokota.

— Mi nachoka, baba, Christiane alisema tena. Miaka yote ile juu ya kivuli. Sitarudia. Nitatafuta kufundisha ku masomo moja ya hapa hapa. Nitakaa na we.

Hapo ndipo jambo lililomkimbiza Liévin kutoka nyumbani kwake lilipomfika. Alifurahi. Kabla hajamhurumia mtoto, kabla hajapata neno la kumtuliza, furaha ilimpanda kifuani yenyewe, bila kubisha hodi. Tangu mama yake Christiane afariki, alikuwa anasonga ugali, bukari ya mtu mmoja, katika sufuria ya watu sita, na jioni aliongea na redio. Sasa mtoto anabaki. Kisha akamwangalia machoni, akaona macho yamekauka kama ya mtu aliyemaliza kulia siku nyingi zilizopita, na akajionea haya kama mtu aliyekutwa akicheka matangani. Alivaa kofia yake, akasema anakwenda kunywa kahawa.

Ndiyo hiyo kahawa aliyoishika sasa, na ilikuwa inapoa.

— Sikilizeni, alisema hatimaye. Discours tuiache kwanza. Ile sayari haiko.

Malori mawili yalipita na maturubai yao, yakaacha vumbi. Watu wa benchi walifunika vikombe kwa viganja, kama kawaida, kisha wakafunua.

— Haiko namna gani? Pinceau aliuliza. Mi niliichora!

— Christiane anasema haikukuwa. Ilikuwa nyota inachemka, akafikiri njo sayari.

Filon aliweka kikombe chini taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hatimaye ameambiwa jambo alilolijua.

— Bameiba.

— Nani anaiba sayari, Filon?

— Bale bale. Mutoto yetu aliandika nini ku rapport yake? Alisema ndogo lakini nzito, kama dunia. Nzito! Kintu inakuwa nzito juu ya nini? Juu ya métal. Hapo bamesoma, bameangaliana, bamemuambia: mademoiselle, funga kinywa, sema hakuna kintu. Mi nilifanya Kambove, najua ginsi banasema hakuna kintu.

— Hapana, Maître alisema, akanyoosha kola ya koti lake. Tusikimbilie mambo ya wizi bila prévenu, bila mushitakiwa. Kisheria, muntu akipotea, hausemi siku ile ile kama hakukuwa. Unasema iko absent. Unabandika tangazo. Unangojea. Sasa mi nauliza: ile sayari, baliiita? Balibandika tangazo wapi?

— Mu mbingu, Mama Adolphine alisema, akichochea makala.

— Mama, mi nasema mambo ya sheria.

Pinceau alikuwa amegeuka kabisa, anauangalia ukuta wake. Alikuwa mtu mpole, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na uchungu wa kweli.

— Mi nafikiri iko. Iko lakini inajificha. Nimechora bantu mingi, najua. Mwenye kuchorwa akijua unamuangalia, anabadilisha uso. Bale ba kule balisikia kama bantu ya Lubumbashi bamebaona. Bakaulizana: beko wangapi? Bakaambiwa: beko na famille. Bakazima taa.

Filon hakukubali kuachwa nyuma.

— Bazime taa gani, na sayari ilisha kubebwa? Hii malori yote inapita hapa, asubuhi na mangaribi, na bâche inafunika juu. Nani alifungua bâche hata moja akaona ndani kuko nini? Munaniambia njo mawe. Sawa. Mawe ya wapi?

Wote waliangalia barabara. Lori lingine lilikuwa linakuja, refu, limefunikwa vizuri, na kwa muda mfupi hata Liévin aliliangalia kwa namna ambayo hakuwa ameliangalia lori maisha yake yote.

— Na mutoto, Mama Adolphine aliuliza, yeye iko namna gani?

Hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza hivyo.

— Anachoka, Liévin alisema. Anasema harudii. Anabaki hapa, atafundisha.

— Anabaki? Maître alisimama nusu. Ah, asante Mungu! Mi najua préfet mumoja, mukubwa wa masomo, atamupatia masaa ya physique.

— Utapata muntu wa kukupikia, Machiniste, Filon alisema na kumpiga bega. Tunakuona unakonda.

Walifurahi wote, kwa moyo safi, na kila neno lao lilikuwa neno lake mwenyewe la asubuhi. Liévin alikunywa kahawa yake baridi ili asilazimike kuitikia.

Christiane aliingia konani wakati huo, amevaa koti la zamani la reli la baba yake kwa ajili ya baridi, mikono ya koti imemfunika vidole. Alisalimia mmoja mmoja, ameinama kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Jambo papa Michée. Jambo papa Chisanga. Mama Adolphine alimkumbatia na kumpa kikombe. Kisha akageuka akaona ukuta.

Hakuwa amefika kona hiyo tangu arudi, na baba yake hakumwambia mchoro ni mkubwa kiasi gani. Aliangalia minazi, akaangalia mama mwenye beseni na kijana wa baiskeli. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akainama, mpaka kahawa ikamwagika juu ya koti, na alipoinuka, macho yake yalikuwa na maji.

— Papa Dan, ni muzuri sana. Ni muzuri kuliko yangu. Lakini nyota, juu ya nini iko kidogo vile?

Kweli, juu kabisa kwenye pembe, nyota ilikuwa doa dogo la njano, kama kifungo cha shati.

— Rangi ya njano iliisha, Pinceau alisema. Na tena, nyota haikukuwa mambo yetu.

— Hata mi, nilisema vile, Christiane alijibu, sasa bila kucheka. Nilikuwa nasema nyota si mambo yangu.

Alikaa kati ya baba yake na Filon, na wakaanza kumhoji. Maître alitangulia, kwa sababu ya cheo chake.

— Mademoiselle, nani aliiondoa ile sayari?

— Mi mwenyewe, papa.

— Bila kulazimishwa?

— Bila kulazimishwa. Angalieni birika ya mama Adolphine. Ile kahawa inachemka, si vile? Juu yake inapanda, inashuka, haitulie. Uso wa nyota iko vile, lakini ni kubwa sana. Halafu kuna madoa, fasi yenye giza. Nyota inajizungusha, na doa inakuja mbele, inapita, inapotea nyuma, inarudia. Kila safari inarudia na saa yake, kama sayari kabisa. Mi niliona kintu inakuja na kurudi, inakuja na kurudi. Nikalia na furaha. Nikapigia baba simu.

— Ulimuambia iko, Filon alisema.

— Nilimuambia labda.

Benchi nzima ilimwangalia Machiniste. Machiniste aliangalia birika.

— Ulijua ginsi gani kama njo madoa? Pinceau aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza marehemu alikufa vipi.

— Mwaka iliyofuata, madoa ya ile nyota ikapungua. Na sayari yangu ikapungua pamoja nayo. Sayari haipungui, papa Dan. Inakuwa iko, ao haiko.

— Banunue mashini kubwa zaidi! Filon alisema. Bulaya kuna mashini.

— Iko, na iko muzuri sana. Si mashini njo shida. Ukipata sikio kubwa, papa, utasikia kidole muzuri zaidi, lakini na moteur pia utaisikia kwa nguvu. Mashini haiwezi kunyamazisha nyota.

Maître alijisogeza karibu, akapunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine barabarani.

— Sasa mi nakuuliza kama mwanangu. Ungenyamaza, nani angejua?

— Mi ningejua. Na mwingine angekuja nyuma yangu, angeona. Nilisha kuandika, papa. Ile karatasi ya kwanza ilisema iko, ilikuwa na jina langu. Na hii inasema haiko, iko na jina langu pia.

Maître alitikisa kichwa polepole. Kwa uso wake ilionekana alikuwa amemheshimu.

— Basi mu mbingu yote, Filon aliuliza, dunia ingine kama yetu haionekane?

— Inawezekana iko mingi. Lakini zile ndogo, zenye kukaa mbali kidogo na nyota yake kama sisi na juba yetu, hii jua, ile njo inatushinda. Kidole iko kidogo, na kila nyota inatetemeka. Hata juba yetu iko na madoa, inachemka. Muntu akikaa kule mbali na mashini kama yetu, akituangalia, ataona matata ya juba. Sisi hatatuona.

Ilikuwa jambo moja kukosa sayari ya watu wengine, na lingine kabisa kuambiwa kwamba wewe mwenyewe huonekani.

— Hata hapa Hewa Bora? Filon aliuliza, na ilionekana imemuuma.

— Hata Bulaya, papa.

— Ah, hiyo sawa, Filon alisema, na wakacheka, na kahawa ikazunguka tena.

Kisha wakaanza kumpangia maisha. Maître alitaja shule tatu na makosa ya kila moja. Pinceau alisema kuna nyumba ya kupanga avenue ya tatu, lakini kwa nini apange na baba yake ana vyumba. Mama Adolphine alisema yuko kijana mmoja wa parokia, mnyenyekevu, anafanya kazi ya soudure, kuunga vyuma. Kwa kila jambo Christiane alisema ndiyo. Ndiyo, papa. Ndiyo, mama. Liévin alimsikiliza na kila "ndiyo" ilimchoma zaidi. Sauti ilikuwa ya binti yake, lakini alikuwa kama taa ya mafuta ambayo mtu amepunguza utambi ili idumu hadi asubuhi. Alijiambia mtoto amechoka tu, apumzike kwanza, ataona baadaye. Alijua anajidanganya, na aliendelea.

Taxi-moto ikasimama. Mwanamke mnene kidogo, amejifunga kitenge juu ya sweta, alishuka na gunia la maharagwe na kikapu cha samaki wakavu. Aligonga lango la pili kutoka salon, akagonga tena, akarudi konani.

— Jambo yenu. Mi njo Albertine, natoka Sakania. Nakuja kwa mudogo wangu wa hii lango, lakini hakuna muntu.

— Alienda ku soko, Mama Adolphine alisema. Kaa, mama. Baridi iko kali. Kunywa kahawa.

Wakasogea. Albertine akakaa, akapuliza kahawa, na kama kila mgeni, akaangalia ukuta.

— Hii njo wapi?

Filon hakungojea aulizwe mara ya pili. Alimsimulia yote kuanzia Noeli, na cobalt ndani, na malori ndani. Christiane alimrekebisha pale ilipozidi. Albertine alisikiliza vizuri, bila kucheka, kikombe kikiwa magotini. Filon alipomaliza, mama huyo alimgeukia Christiane.

— Pardon, mama mudogo. Mi sikusoma mingi. Ile madoa, nyota inaipata juu ya nini?

— Ndani ya nyota kuko nguvu kama ya aimant, sumaku, mama, Christiane alisema, kwa upole wa mtu aliyejibu swali hilo mara nyingi. Fasi ingine ile nguvu inazuia joto isipande. Pale juu panapoa kidogo, panakuwa na giza. Njo doa.

— Na ile aimant, nani anaiweka?

— Hakuna. Nyota yenyewe inaifanya, juu ya kuzunguka na kuchemka.

— Ah. Albertine alifikiria. Kwa hiyo nyota mbili zikizunguka sawa, zikichemka sawa, zitapata madoa sawa?

— Hapana. Ingine inapata mingi, ingine inatulia kabisa. Hata kama...

Akaweka kikombe chini.

— Juu ya nini? Albertine aliuliza.

Liévin, aliyekuwa karibu na Christiane hata bega likagusa bega, alihisi amejinyoosha.

— Kuwa mzee, Pinceau alisaidia. Hata bantu, wakizeeka wanapata madoa.

— Papa Dan, ni kinyume. Vijana njo wana madoa mingi. Nyota ikizeeka, inatulia.

— Basi ni chunusi!

— Ni chunusi, Christiane alisema, na akacheka kicheko kifupi, lakini macho yake hayakuwa kwa Pinceau. Lakini nyota mbili zenye umri moja, zenye uzito moja? Moja inachemka kama wazimu, ingine iko kimya. Nimeziona. Niko nazo zote mbili mu ordinateur yangu.

— Moja iko na chuma ndani, Filon alisema.

— Moja ilikasirishwa, Maître alisema.

— Sijui, mama, Christiane alimwambia Albertine. Hakuna muntu anajua muzuri. Miaka yote, mi nilikuwa nafuta ile madoa. Natafuta hesabu ya kuifuta, nione sayari nyuma yake. Kama mwenye kupangusa vumbi. Sikukaa hata siku moja kuuliza ile vumbi yenyewe inatoka wapi. Ile ulizo, nilipaswa kuuliza mi.

— Pole, Albertine alisema, akidhani amekosea.

— Hapana, hapana!

Alikuwa ameshasimama. Aliinama kwenye mbabula, akaokota kipande cha makala kilichozimika, akaenda ukutani, na kando ya ile nyota ndogo kama kifungo akaanza kuchora mviringo mkubwa. Ulikuwa mkubwa kweli. Ulipita juu ya minazi, ukapita juu ya kijana wa baiskeli.

— Christiane! Pinceau alilia. Sayari yangu!

— Haiko, papa Dan.

Hata Pinceau alicheka. Christiane hakuwasikia. Alichora mistari inayozunguka ndani ya mviringo, akaweka madoa matatu, akalifuta moja kwa mkono wa koti, akaliweka chini zaidi. Alisema peke yake, nusu Kifaransa, nusu Kiswahili cha nyumbani, kwamba kama madoa yanapanda na kushuka kwa miaka, na mtu akiziangalia zile nyota mbili pamoja, bila kutafuta sayari yoyote, bila kufuta kitu chochote, akiziangalia tu, kwanza... Albertine alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe mkononi, na kila alipouliza "na hapa?" Christiane alijibu "ngoja", akachora tena.

Mama Adolphine aliinua birika, akalitikisa, akaligeuza. Kahawa ilikuwa imeisha. Siku nyingine hiyo ilikuwa alama ya kuondoka, lakini hakuna aliyeinuka. Maître alikuwa anamweleza Filon kwamba nyota isiyo na madoa haiwezi kushtakiwa. Filon alikuwa anasema hiyo isiyo na madoa ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Liévin aliendelea kumwangalia binti yake. Makala yalikuwa yamempaka kidole, shavu, na mkono wa koti lake la reli. Alisimama kama alivyosimama zamani pale gare, akiwa msichana mdogo, kwenye ncha ya vidole, akitaka kuona mbele ya locomotive. Ile furaha ya asubuhi ilimtoka Liévin kimya kimya, na alipoitafuta akakuta nyingine mahali pake, pana zaidi, yenye kuuma kidogo upande mmoja. Maisha yake yote aliwabeba watu wanaoondoka. Alijua sura ya mtu aliyekwisha kupanda, hata kama mwenyewe bado anadhani amesimama chini.

— Christiane.

— Baba?

— Ndege yako ya kurudia iko siku gani?

Christiane aligeuka, makala mkononi. Hakuwa amesema neno lolote juu ya ndege. Alimwangalia baba yake kwa muda mrefu, na Liévin akamwangalia vile vile, bila kugeuza macho, mpaka akaona bega la koti likishuka.

— Mwisho wa mwezi ya nane, baba, alisema polepole.

— Basi wakati iko, Liévin alisema, na akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Maliza ile ya mama Albertine, halafu twende nyumbani. Leo tutasonga bukari ya watu wawili.